Haki ya Kuongeza Viungo

Saa kumi kasorobo alasiri, siku ya Jumamosi, sebule ya Mchoraji ilikuwa imeshajaa mpaka mlango ukakataa kufungika. Sebule yenyewe hujaa kwa watu sita. Siku ile waliingia thelathini na mmoja, na wa thelathini na mbili akasimama nje dirishani, kidevu juu ya nondo, akisema hapo hapo panamtosha, kuna hewa. Wenye bahati walipata viti. Wengine walikalia mafriji matatu mabovu ambayo mume wa Mchoraji, fundi friji, alikuwa ameyalaza ubavu yakisubiri vipuri tangu mwaka jana. Fundi alipita katikati yao akibembeleza, "Kaeni taratibu jamani, hilo la bluu lina mwenyewe."

Walikuja kumwona Bi Kimya akitembea.

Kwa miaka kumi na moja Bi Kimya hakuwahi kutembea. Aliishi kwenye karatasi, kwanza katika gazeti la kila Ijumaa, halafu katika vitabu sita vya katuni, mpangaji mzee wa chumba namba tisa katika nyumba ya wapangaji wagomvi. Kazi yake ilikuwa kutazama. Mtu akiiba sabuni bafuni, Bi Kimya anamtazama, sabuni inarudi pamoja na kipande cha ziada. Hakuwa na mdomo. Chini ya pua palikuwa peupe, kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Na pale ambapo wahusika wengine hutoa kiputo chenye maneno, yeye alitoa kiputo kitupu, na wasomaji wakakijaza wenyewe. Watoto walijaza kwa penseli, walevi kwa kalamu ya kuazima. Inasemekana hakimu mmoja aliwahi kukijaza akiwa kazini, mshtakiwa akamsubiri amalize.

Kiti cha mbele kabisa alikikalia Bibi, mama mzazi wa Mchoraji. Mtaa mzima ulijua kwamba yeye ndiye Bi Kimya, na mtaa mzima ulikuwa na adabu ya kutomwambia. Miaka kumi na miwili nyuma kiharusi kilimpitia upande wa kulia, kikachukua sauti yake na kuuvuta mdomo wake kushoto, nao ukakaa huko huko. Hakuwa mtu wa majivuno, isipokuwa kwa kitu hicho kimoja. Tangu siku hiyo ncha ya mtandio wake ilipita juu ya mdomo, hata alipokuwa peke yake chumbani. Binti yake alipoomba kumchora, Bibi alivuta kibao chake cha chaki, akaandika kwa mkono wa kushoto, mkono aliojifunza kuutumia uzeeni: *Bila mdomo.* Mchoraji akamwahidi. Wasomaji walisifu ubunifu, magazeti yakasifu ubunifu. Haukuwa ubunifu. Ilikuwa ahadi ya mtoto kwa mama yake.

Muziki wa kipindi cha kwanza ukalia. Nyumba ya wapangaji ikatokea kwenye televisheni, ina rangi.

"Mpaka ndoo ile iliyopasuka wameiweka," jirani mmoja akasema kwa furaha.

"Nyamazeni, anatoka."

Mlango wa chumba namba tisa ukafunguka, akatoka Bi Kimya, na alikuwa na mdomo. Mdomo mwekundu, mnene, kama wa samaki aliyetoka kubusu ukuta. Ukafunguka ukaonyesha fizi tupu, na sauti ikatoka, sauti ya mchekeshaji mwanamume aliyejibana pua:

"Nani kachukua meno yangu?"

Sebule ikacheka. Hawakuwa watu wabaya. Kitu kilichekesha, wakacheka. Fundi mwenyewe alicheka kabla hajageuka kumtazama mkewe, na kicheko kikamfia kooni kama injini iliyokosa mafuta. Katika dakika ishirini na mbili maneno yale yalitamkwa mara tisa. Ilipofika mara ya tano, watu walikuwa wanayasema pamoja na televisheni, na yule wa dirishani ndiye aliyeyapatia zaidi.

Bibi alivuta mtandio mpaka ukagusa kope za chini. Akajaribu kuinuka. Lakini mguu wake wa kulia ulihitaji nafasi ya kujipanga, na nafasi haikuwepo; mbele kulikuwa na watoto waliokaa sakafuni, nyuma friji la bluu na watu watatu juu yake. Jirani mmoja akamshika bega kwa upole, akamrudisha kitini. "Kaa Bibi, bado haijaisha." Akakaa mpaka ikaisha.

* * *

Viti havijarudi mahali pake, Kitinda akaanza. Huyo alikuwa binti wa Mchoraji na Fundi, wa miaka kumi na sita, aliyeitwa Kitinda Mimba ingawa alikuwa wa kwanza na wa mwisho.

"Niliwaambia. Mimi niliwaambia. Kila manga niliyoipenda, walipoitengenezea anime nimelia. Na si kilio cha raha."

"Zungumza lugha inayoeleweka," baba yake akasema.

"Baba, nimeshakueleza mara mia. Manga ni vile vitabu vyangu vya katuni, vinavyosomwa kuanzia kulia. Anime ni kitabu hicho hicho kikishatiwa mwendo na sauti. Na wakishatia tu, wanaharibu. Shujaa anayenyamaza wanampa hotuba. Mwenye kovu wanamfuta kovu. Sisi shuleni tuna kundi zima la kufarijiana."

Mchoraji alikuwa amempeleka mama yake chumbani na kurudi, na sasa alisimama katikati ya sebule akiwa na ufagio ambao haufagii.

"Lete mkataba wa studio," akasema.

Mkataba ulihifadhiwa ndani ya friji la kijani, kwenye droo ya mboga, kwa sababu Fundi aliamini hakuna mwizi anayeiba friji bovu. Fundi ndiye aliyeusoma siku ya kutia saini. Aliusoma kama anavyosoma vitabu vya maelekezo ya mafriji, yaani alianzia mwisho akitafuta michoro, na alipoikosa akasema uko sawa. Kitinda akauchukua, akasoma kwa sauti, kidole kikitembea.

"Kifungu cha saba. 'Studio itakuwa na haki ya kuongeza viungo kwa wahusika, kadiri itakavyoona inafaa.'"

"Si ndiyo hapo," Fundi akasema. "Hicho nilikiona. Viungo. Vikolombwezo. Muziki, mbwembwe, kicheko kidogo. Hata mchuzi bila viungo ni maji ya moto."

"Baba. Kwa wahusika. Viungo vya mwili."

Fundi akauchukua mkataba. Akausogeza karibu, akausogeza mbali. "Mtu mwenye akili zake," akasema taratibu, "anaandikaje viungo akimaanisha viungo?"

Mchoraji akakaa juu ya friji. "Nilimuuliza," akasema. "Mtayarishaji wa studio. Nilimuuliza uso kwa uso, Bi Kimya mtamwacha alivyo? Akaniambia, dada, huyo ni dhahabu, sisi tutaongeza viungo tu. Nikacheka. Nikamwambia, haya, ila msizidishe chumvi."

"Naye akasemaje?"

"Naye akacheka."

Studio haikuwa imewadanganya hata neno moja, na hilo ndilo lililouma. Mtu akikudanganya unapata pa kushikia. Fedha ya mkataba nayo ilikuwa imeshageuka mabati ya paa na ada ya mwaka mzima ya kliniki ya mazoezi ya Bibi. Kuirudisha ingekuwa kumwomba Bibi arudishe hatua alizokwisha kutembea.

* * *

Jumatatu asubuhi Mchoraji alikwenda studio. Ilikuwa ghorofa ya tatu, baridi kama ndani ya friji linalofanya kazi, na mezani alikaa msichana wa mapokezi mwenye kucha ndefu na daftari la wageni.

"Unamwona nani?"

"Mtayarishaji wa Bi Kimya."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemchora."

"Aaa. Wachoraji ni ghorofa ya pili, dada. Na usaili ulikwisha Ijumaa."

"Sikuja kwenye usaili. Bi Kimya ni wangu. Mimi ndiye niliyemwanzisha."

Msichana akamtazama viatu, halafu akaandika kitu kwenye daftari. Mchoraji alisoma kichwa chini: *Sababu ya kuja: shabiki.* Akapewa kibandiko cha MGENI cha kuvaa kifuani, akakaa. Katika saa mbili alizosubiri, simu ya msichana yule iliita mara nne, na kila ilipoita ilisema, "Nani kachukua meno yangu?"

Mtayarishaji alikuwa mtu mwenye adabu, jambo lililozidisha ubaya. Alisimama, akamvutia kiti, akamwagizia maji.

"Dada yangu, umeona watu walivyoipokea? Mimi sijalala kwa furaha."

"Umempa mdomo."

"Ndiyo."

"Nilikuambia aachwe alivyo."

"Na ameachwa. Nywele zake, mtandio wake, chumba chake. Tumeongeza kiungo kimoja tu." Alisema bila kebehi. "Sikiliza. Tulifanya majaribio. Watoto wawili walilia kumwona mtu asiye na mdomo."

"Mfunikeni basi kwa mtandio. Watoto hawatauona mdomo wala kukosa kuuona."

Mtayarishaji akashusha pumzi, kama daktari anayetafuta neno jepesi. "Dada, mdhamini wa kipindi anauza dawa ya meno. Hawezi kumlipia mtu asiye na mdomo. Ni sawa na mwenye kiwanda cha viatu kumdhamini nyoka."

"Kwa hiyo meno?"

"Kwa hiyo meno. Katika sehemu ya mwisho anayapata. Ni nzuri sana, utalia."

"Zimebaki sehemu ngapi?"

"Kumi na moja. Zote zimeshakamilika." Akasubiri kidogo. "Kwani tatizo hasa ni nini? Niambie, mimi si adui."

Hapo ndipo angesema. Kwamba kuna mwanamke ana kibao cha chaki, ana mdomo uliokwenda kushoto, na aliomba jambo moja tu. Mchoraji alifungua kinywa. Akaona namna ambavyo mtu yule mwenye adabu angevutiwa, angeinama mbele, angesema hii ni hadithi nzuri, tumlete mama mbele ya kamera. Akafunga kinywa.

"Basi," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Akasindikizwa hadi mlangoni na kukabidhiwa zawadi, katoni la dawa ya meno, tyubu ishirini na nne, ladha ya mnanaa. Alilibeba kichwani kwa sababu lilikuwa zito. Angelitupa jalalani, lakini nyumbani dawa ya meno ilikuwa imekwisha tangu Ijumaa, na asubuhi iliyofuata familia nzima ilipiga mswaki kwa dawa ya adui, wakitazama pembeni.

* * *

Kila asubuhi Bibi alikuwa na hatua zake mia tatu. Mtaalamu wa viungo wa kliniki, mama mmoja mnene asiye na mzaha, alikuwa amezipima mwenyewe. Mia na hamsini kutoka mlangoni hadi duka la kona, na mia na hamsini kurudi. Bibi alizihesabu kwa kugusisha fimbo chini. Katika miaka hii ya Bi Kimya, safari hiyo ilikuwa imegeuka kuwa kitu zaidi ya mazoezi. Watu waliacha njia wampishe. Watoto walimpa shikamoo na kusubiri awatazame, maana kutazamwa na Bibi ilikuwa kama kupata cheti. Dukani aliandika kwenye kibao, *Sukari*, na Mwenye Duka akampimia bila kugusa mizani kwa kidole, kwa hofu ya macho yale.

Jumanne ile Mwenye Duka alimpokea akitabasamu. "Karibu Bibi. Eti, meno hayajapatikana bado?"

Alisema kwa mapenzi. Alidhani anampa hongera. Wateja wawili wakacheka kwa adabu, kama watu wanaochekea harusini. Bibi, ambaye ukitoa gego moja alikuwa na meno yake yote, alisimama kidogo, akageuka bila sukari.

Jumatano watoto walimfuata. Hawakurusha mawe wala hawakutukana. Walimwamkia kwanza, "Shikamoo Bibi," wote kwa pamoja, wakasubiri hatua tano, kisha mmoja akajibana pua. Alhamisi walikuwa wengi zaidi, na wengine walitoka mtaa wa pili. Bibi alifika hatua ya tisini, akarudi. Ijumaa hakutoka.

*Mguu unauma*, aliandika.

"Unauma wapi mama?" Mchoraji akauliza akiwa amepiga magoti.

Bibi akafuta kibao kwa kiganja.

Wiki mbili baadaye mtaalamu wa viungo alikuja mwenyewe nyumbani. Akaushika mguu, akaukunja, akaunyoosha, akatikisa kichwa.

"Mguu huu unasahau," akasema. "Mguu ni mwanafunzi. Umkose shuleni wiki mbili, anaanza tena a, e, i, o, u. Mwezi mmoja, hata jina lake halijui. Kwa nini hatembei?"

"Anatembea humu ndani," Fundi akasema.

"Humu ndani kuna hatua ngapi?"

"Kumi na nne. Ukizunguka friji."

Mtaalamu hakucheka. Alipoondoka, Fundi aliyasukuma mafriji yote matatu nje uani, peke yake, bila kuombwa, akiacha mistari mirefu sakafuni. Hatua zikafika ishirini na mbili. Bibi alizitembea mara moja, kwenda na kurudi, kwa heshima ya mkwewe, kisha akakaa.

Kitinda naye alipigana vita yake. Yeye na kundi lake la shuleni waliandikia studio barua, wakatia saini wasomaji arobaini. Studio ikajibu siku hiyo hiyo: *Asanteni kwa upendo wenu.* Wakaandika tena kwamba huu si upendo. Studio ikajibu: *Asanteni kwa upendo wenu.*

"Ni mashine," Kitinda akasema. Kisha, kwa kuwa mama yake alikuwa ameinamia meza ya kuchorea bila kuchora, akamvutia kiti. "Mama, nikwambie tunavyofarijiana sisi? Anime ikiharibika, manga haiharibiki. Kitabu kipo pale pale. Unafunga televisheni, unafungua kitabu, mtu wako unamkuta kama ulivyomwacha. Bi Kimya yupo kwenye vitabu sita. Huko hawamfikii."

Mchoraji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Tabasamu lenyewe lilidumu siku nne.

* * *

Siku ya tano alikuja Mhariri. Alikuwa mzee wa watu, ndiye aliyechapisha kitabu cha kwanza cha Bi Kimya wakati wengine walisema mhusika asiyesema ni hasara ya wino. Alikunywa chai vikombe viwili kabla hajaanza, na alipoanza alizungumza na kikombe.

"Tunatoa toleo jipya. Vitabu vyote sita."

"Hiyo si habari mbaya."

"Inabidi vifanane na televisheni." Akazungusha kijiko. "Wazazi wanarudisha vitabu madukani, mwanangu. Wanasema vina kasoro ya uchapaji. Mdomo haukutoka."

Fundi, aliyekuwa mlangoni, akacheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Nyuso ngapi?" Mchoraji akauliza.

"Nimehesabu. Mia mbili na sita. Viputo tutavijaza sisi ofisini, usisumbuke navyo."

"Nikikataa?"

"Kifungu cha saba kinashika na vitabu. Nimeusoma mkataba wako, ningeusoma kabla ungekuwa... ah." Akaacha. "Ukikataa, yupo mtu ana kompyuta. Nimekuja kukuomba wewe kwa sababu wewe angalau unampenda. Mimi mwenyewe nimebakiza miezi minane kustaafu. Nimepigana nao kidogo. Kidogo tu, sitakudanganya."

Alipoondoka, Mchoraji aliingia chumbani kwa mama yake, akamweleza yote, hata yale ya mdhamini na dawa ya meno. Mpaka siku hiyo alikuwa hajamweleza hayo. Bibi alisikiliza akiwa ameufumba mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia. Kisha akavuta kibao.

*Nani atachora?*

"Mimi. Au mtu mwingine ambaye hatujui."

Chaki ilikaa hewani muda mrefu. Haikuandika. Bibi aliiweka kando, akapeleka mkono kwenye mtandio, akaushusha mpaka kifuani. Mwanga wa dirishani ukaangukia mdomo ambao binti yake hakuwa ameuona mchana kwa miaka kumi na miwili. Bibi akauelekeza kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayeonyesha bidhaa dukani. Huu. Kama ni lazima, huu.

Mchoraji alichora kwa siku nane. Bibi alikaa mbele yake kila siku, dirisha limefungwa pazia la chini ili wapita njia wasichungulie. Haukuwa mdomo mmoja uliorudiwa. Ulikuwa mia mbili na sita, kila mmoja na siku yake: umekaza mbele ya mwizi wa sabuni, umelegea mbele ya mtoto mgonjwa, umepinda zaidi pale mpangaji wa namba nne anapodanganya. Katika nyuso zote ulikuwa umefumba. Siku ya tano Fundi alisimama nyuma ya mkewe na kutazama kwa muda. Alitoka nje akaosha mikono, ingawa haikuwa michafu.

Mhariri alipozipokea kurasa, alivua miwani. "Hii ndiyo kazi yako bora," akasema. "Katika maisha yako." Naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Wiki moja baadaye alipiga simu.

"Studio wamezipitia. Wanasema mdomo umepinda."

"Ndiyo ulivyo."

"Wameuliza kama mkono wako unaumwa. Kwa wema tu, waliuliza kwa wema." Akakohoa. "Wameshaunyoosha kwenye kompyuta. Waliuchukua ule wa televisheni, wakaubandika kote. Imewachukua alasiri moja."

* * *

Vitabu vikatoka, na kila kimoja kiliuzwa kimefungwa pamoja na tyubu ya dawa ya meno. Nakala kumi za mwandishi zililetwa nyumbani. Bibi alifungua moja, akapekua mpaka katikati, akaishika mbali na macho, akaishika karibu. Akavuta kibao.

*Huyu nani?*

"Mtu wa televisheni, mama."

Bibi akaweka kidole kwenye jalada, chini, mahali palipoandikwa jina la binti yake kwa herufi za dhahabu. Akamtazama. Yalikuwa yale macho yaliyorudisha sabuni. Mchoraji aliyastahimili kadiri alivyoweza.

"Ndiyo," akasema. "Hilo ni langu."

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, watoto walikuja mlangoni na vitabu vyao vipya. Walikuwa wamesikia kwamba mwenye Bi Kimya anakaa humu, na kwamba ukimwomba vizuri anatia saini. Kitinda alitaka kuwafukuza, akaenda hadi mlangoni kwa nia hiyo, akakuta wamejipanga foleni nzuri, wamechana nywele, mmoja amevaa sare za shule siku isiyo ya shule. Wengine walikuwa ni wale wale wa duka la kona. Akarudi ndani. "Mama, wamekuja," akasema.

Mchoraji alikaa mezani karibu na mlango. Bibi alikuwa kwenye kiti chake pembeni, mtandio juu, fimbo imelala sakafuni. Siku hizo hata hatua ishirini na mbili zilikuwa zimeshakuwa nyingi.

Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka minane hivi, aliyeshika kitabu kwa mikono miwili kama sinia.

"Shikamoo Bibi," akasema kwanza, akikunja magoti kidogo, kama alivyofundishwa. Halafu akamgeukia Mchoraji. "Shikamoo shangazi. Naomba uniandikie."

"Marahaba. Nikuandikie jina langu?"

"Jina, na maneno yake."

"Maneno gani, mwanangu?"

Mtoto akaona haya. Akatazama ndala zake. "Ile ya meno," akasema kwa sauti ndogo. Hakujibana pua. Aliomba kama mtu anavyoomba kitu anachokipenda.

Mchoraji alifungua ukurasa wa kwanza. Karatasi ilikuwa mpya na ngumu, haikutaka kulala. Kila alipoiachia iliinuka na kujifunga. Kalamu ilikuwa mkononi. Nyuma ya msichana foleni ilisubiri, na Kitinda, aliyeegemea ukuta, aligeuza uso. Mchoraji hakumtazama mama yake. Alitazama karatasi ikiinuka, akaibonyeza, ikainuka tena.

Ndipo mkono wa kushoto wa Bibi ukaja kutoka pembeni, ukatua juu ya ukurasa, vidole vimetandazwa, ukaushikilia usiinuke.

Mchoraji akaandika: *Nani kachukua meno yangu?* Akatia saini chini yake.

"Asante shangazi. Asante Bibi," msichana akasema, akatoka akipuliza wino ukauke.

Aliyefuata akasogea. "Na mimi hiyo hiyo," akasema.